Kabla hujatuma hela Dar, pima sebule kwanza: maongezi kuhusu spika ndogo za bei kali

Haya niliyaongea Jumamosi pale ukumbini Forest, Mbeya, watu wakaomba niyaandike. Nimeyaweka vilevile nilivyoongea, na maswali ya mwisho nimeyaacha, mnisamehe kwa urefu.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo vipi. Mugonile nyote, na nyie mliopanda basi asubuhi kutoka Iringa na Makambako, kamwene.

Nimeombwa niongelee spika. Za harusi na za baa siziongelei, hizo mafundi wake wapo na wengine wamekaa hapa mbele wananiangalia. Naongelea zile ndogo, boksi lina urefu wa sentimita 30 mpaka 40 hivi, wufa moja, ile koni ya besi, ya inchi 5 au 6 na twita, kile kidogo cha sauti nyembamba, juu yake, zinauzwa jozi, watu wanaziita spika za shelfu, alafu ukitajiwa bei unadhani umesikia vibaya. LS50 Meta ya kampuni ya KEF kwa mfano, ilipotoka 2020 kule Marekani jozi ilikuwa kama dola 1,500, piga hesabu unakaribia milioni nne, na hapo hujalipa usafiri, ushuru wala VAT ya asilimia 18, amplifaya bado, na wenyewe wanaopenda hivi vitu watakwambia hiyo ndo ya kuanzia tu bana.

Sasa tatizo la mtu wa huku Nyanda za Juu ni moja. Mwenzako wa London anaingia dukani na muziki wake, anakaa kwenye kochi, anabadilishiwa jozi tatu nne mpaka aridhike, anaondoka. Wewe wa Uyole au Mafinga huna hilo duka. Unaona picha kwenye simu, unatuma hela, mzigo unapanda basi, unafungua boksi ndo unasikia kwa mara ya kwanza, na kurudisha ni vita. Kwa hiyo mtu wa huku inabidi achague kabla ya kusikia, na hilo linawezekana kabisa ila unatakiwa uanze na kitu ambacho tayari unacho, yaani chumba chako, ndo uje kwenye spika. Watu wengi wanaanza na jina, wanamalizia na chumba, na wengine chumba hawafiki kabisa.

Ila kwanza tuondoe huu uchafu wa wati maana najua kuna mtu anausubiri. Ukienda Mwanjelwa ukaangalia sabufa, boksi limeandikwa PMPO, eti wati za kilele, elfu kumi na mbili, si ndio? Geuza kile kifaa, soma kile kistika cha nyuma karibu na waya wa umeme, utakuta kinasema kinakula wati 60. Sasa kinakula 60 kinatoa elfu kumi na mbili, hizo nyingine zinatoka wapi, mbinguni? PMPO haina kipimo chochote kinachokubalika, kila kiwanda kinaandika kinavyojisikia. Kuchagua spika kwa hiyo namba ni kununua gari kwa kuangalia namba ya mwisho kwenye spidomita. Spika za maana hazijitangazi hivyo, utakuta zimeandikwa tu amplifaya inayozifaa, wati 40 mpaka 100 kwa mfano, na watu wanazidharau dukani kwa sababu hiyo hiyo.

Haya. Kwa nini kiboksi kidogo kiwe na bei? Hapa inabidi niwapeleke Uingereza kidogo. Miaka ya 70 mwanzoni BBC walikuwa na magari ya kurushia matangazo nje ya studio, ndani ya gari hakuna nafasi, spika kubwa haiingii, na fundi mitambo anatakiwa asikie sauti ya mtangazaji ilivyo kweli ili ajue kama maiki ina tatizo. Wahandisi wao wakatengeneza kitu kinaitwa LS3/5A, boksi la sentimita 30 kwa 19 hivi, limefungwa pande zote halina tundu la kutolea besi, wufa na twita kutoka KEF. Na namna walivyokuwa wanapima kazi yao ndo napenda mwishike nayo: mtu anaongea studio mlango wa pili, mhandisi anasikiliza spika, anatoka anaenda kumsikiliza yule mtu mwenyewe, anarudi. Sauti ya mtu hai dhidi ya sauti ya spika. Maana sikio la binadamu unaweza kulidanganya kwenye gitaa la umeme ambalo hujui lilikuwaje siku linarekodiwa, lakini sauti ya mtu tumeisikia toka tumboni, ikipinda kidogo tu unajua. Makampuni kadhaa yalipewa leseni ya kuitengeneza, Rogers, Spendor, Harbeth, na Harbeth wenyewe walianzishwa 1977 na Dudley Harwood aliyekuwa mhandisi wa BBC. Mpaka leo ile P3ESR yao ukiiangalia unaiona ni ya ukoo huo huo, ndogo, imefungwa, haina makelele.

Kwa hiyo ukilipa hela kubwa kwenye kaboksi kadogo unalipia ukweli wa sauti ya katikati, unalipia boksi ambalo lenyewe halitetemi likaanza kuimba wimbo wake, unalipia krosova, ile saketi ya ndani inayogawa besi iende kwenye wufa na sauti nyembamba iende kwenye twita, ambayo kwenye spika za bei rahisi utakuta ni kapasita moja imening'inia. Hulipii mtetemo wa vioo. Anayetaka vioo vitetemeke asipoteze milioni zake hapa, namwambia kwa upendo.

Tuje sebuleni. Nyumba zetu za sasa hivi, nazungumzia hizi za Forest Mpya, Isyesye, Iringa kule Gangilonga, zote zinafanana: tailizi chini, jipsamu juu, dirisha la aluminiamu lenye kioo kikubwa, ukuta wa tofali umepigwa skimu unang'aa. Piga makofi mara moja humo ndani usikie ile trrrr inayorudi. Hiyo ndo itakaa juu ya kila wimbo utakaopiga, na hata uninunulie spika ya milioni ishirini itapiga trrrr ya milioni ishirini. Weka zulia zito kati ya spika na kochi, pazia zito lifunike kioo chote na sio katikati tu, kochi la kitambaa badala ya la ngozi, kabati la vitabu ukutani nyuma yako kama unalo. Hapo umeshapata kitu ambacho hela ya spika isingekununulia.

Na jamani trei za mayai. Naingia studio za kwaya hapa mjini naona ukuta mzima trei za mayai. Kile ni karatasi chepesi, kinapunguza punguza sauti za juu kabisa basi, besi inapita inasalimia. Wimbi la besi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita nane, nane! Trei itamfanyia nini mtu wa mita nane?

Besi inategemea vipimo vya chumba. Chukua futi, pima. Chumba cha mita 4 kina mlio wake wa karibu hezi 43, unaongezeka wenyewe hata kama hujaomba, unaupata kwa kuchukua 343, mwendo wa sauti kwa sekunde, unagawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Sasa kama sebule ni 4 kwa 4, mraba, na mafundi wetu wanapenda mraba sijui kwa nini, urefu na upana zote zinapiga hezi 43 hiyo hiyo kwa pamoja, noti moja ya gitaa la besi inavimba nyingine zinapotea. Ukichukua spika kubwa ya kusimama chini inayoshuka mpaka hezi 30 ukaitia humo, umekwisha. Spika ndogo inayoanza kupungua kwenye hezi 55 au 60 inapita pembeni ya hilo tatizo, na kuta zenyewe zinairudishia besi kidogo. Hii ndo sababu yangu kubwa ya kuwaambia watu wa sebule za kawaida wachukue ndogo iliyo nzuri waachane na kubwa ya bei ileile. Na wewe mwenyewe usikae katikati kabisa ya chumba, hapo ule mlio wa kwanza unapotea, wala usibandike kochi ukutani, hapo unavimba. Sogea kidogo tu.

Umbali wa kutoka ukuta wa nyuma ya spika una hesabu yake pia. Sauti inayorudi kutoka ukuta ule inagongana na inayokwenda mbele, na kuna sehemu zinauana. Wufa ikiwa nusu mita kutoka ukutani zinauana kwenye hezi 170 hivi, ambapo ndo panapokaa sauti ya mwanaume, ndo maana mtu anasema "mbona muhubiri anasikika mwembamba" anailaumu spika. Isogeze iwe mita moja, shimo linashuka hezi 86. Najua mama watoto hatakubali spika katikati ya sebule, mnacheka lakini mnajua, basi kama lazima zikae karibu na ukuta chukua ambayo haina tundu la nyuma, au yenye tundu la mbele, au ile inayokuja na kisponji cha kuziba tundu. Mambo ya tundu au kufungwa niyaache hapo, hata iliyofungwa ni ya zamani, Acoustic Research ya Marekani walianza kuiuza 1954, na mpaka leo watu wanabishana, zote zinaweza kuwa nzuri. Kitu kimoja tu, ndani ya kabati la TV usiziweke. Yaani kabisa.

Stendi zake sasa. Wale wa kule nje wanauza stendi laki tano, laki nane. Sisi tuna Sao Hill hapo Mufindi, mbao ya paina imejaa, na tuna wachomeleaji kila kona. Bomba la chuma la mraba, urefu wa sentimita 60 hivi ili twita ije usawa wa sikio ukiwa umekaa, bati nene juu na chini, jaza mchanga uliokauka juani, mkavu kweli sio ule wenye unyevu utaozesha chuma. Umemaliza. Haitetemi, mtoto haiangushi kirahisi, na fundi wa mtaani umemlipa.

Amplifaya ndo inayowachanganya watu, nisikilizeni taratibu. Kila spika ina namba ya desibeli, inakwambia ukiipa umeme kidogo wa kiwango fulani, karibu wati 1 kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), kwa umbali wa mita 1 inatoa sauti kiasi gani. LS50 Meta ni 85. P3ESR ni 83. Za kampuni ya Klipsch zenye honi kwenye twita huwa juu zaidi ya hapo. Mnaona tofauti ndogo, lakini kila desibeli 3 ni mara mbili ya nguvu, kwa hiyo spika ya 83 na ya 89 zikipiga sauti sawa, ya 83 inataka mara nne. Aliyekuwa anatosheka na wati 25 anatakiwa 100. Ukiwa umekaa mita mbili na nusu unasikiliza kistaarabu jioni unatumia wati moja tu au chini ya hapo, ni ngoma ikigonga ghafla au kwaya ikipanda kwa pamoja ndo inahitajika mara kumi mara hamsini ya hiyo, kwa sekunde kidogo. Amplifaya ndogo ikizidiwa hapo inakata vichwa vya mawimbi, na wa kwanza kuungua ni twita. Watu wanafikiri twita inaungua kwa amplifaya kubwa. Nyingi zinaungua kwa ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Alafu angalia omu, ukiona 4 usiibebeshe amplifaya iliyoandikwa 8 tu nyuma, itachemka kama sio leo kesho.

Sasa utajuaje sauti bila kusikia? Hapa ndo kuna kazi ya mtu anaitwa Floyd Toole, alikuwa kwenye taasisi ya utafiti ya serikali ya Canada kule Ottawa, baadaye akaenda kampuni ya Harman. Kwa miaka mingi alikuwa anawakalisha watu mbele ya pazia, spika ziko nyuma hawazioni, wanatoa maksi, na upande mwingine zile spika zinapimwa kwa maiki kila upande, mbele, kulia, kushoto, juu, chini. Matokeo yake yanatufaa sana sisi watu wa mbali: watu wakiwa hawaoni jina wanakubaliana kuliko tunavyodhani, na wanapenda spika ambayo mstari wake kwenye mchoro, ule unaoonyesha nguvu ya sauti toka besi kushoto mpaka sauti nyembamba kulia, kwa mbele umenyooka na kwa pembeni unashuka taratibu bila mabonde. Wakiondolewa pazia wakaona jina na ukubwa wa boksi, maksi zinahama. Kwa hiyo ile michoro ya vipimo unayoiona mtandaoni unairuka kwa sababu haina picha nzuri, ndo duka lako la kusikilizia hilo. Tafuta mchoro wa aliyepima mwenyewe, wa kiwanda uuamini nusu. Mstari unaopanda juu kulia ni spika itakayokuvutia dakika tano za kwanza, maana kila sahani ya dramu inalia chiii, alafu saa nzima ukiwa na tailizi zako kichwa kinauma. Na kama kuna watu wengi wanakaa pembeni kwenye kochi, ule mstari wa pembeni ni muhimu kuliko wa mbele, ndo faida ya wale KEF wanaoweka twita katikati ya wufa, wameanza huo mtindo 1988.

Ukipata bahati ya kusikiliza mbili kwa mpigo, sawazisha sauti kwanza, hata programu ya simu ya kupima desibeli inatosha. Inayopiga juu kidogo tu itashinda kila siku, na wauzaji wanalijua hili kuliko mimi. Na peleka sauti ya mtu unayemjua. Kama unaimba kwaya peleka rekodi ya kwaya yako, siku ile ulikuwepo, unajua alto wa kushoto anasikikaje.

Mtumba. Najua nusu ya ukumbi mnasubiri mtumba, na mna haki, jozi nzuri ya zamani inashinda mpya ya hela ileile mara nyingi. Toa kitambaa cha mbele. Kama ule mkanda unaozunguka wufa ni sponji, uguse kwa kidole taratibu, ukibaki na unga mkononi umeoza, bei ishuke au uondoke. Wa raba unadumu zaidi. Sukuma koni kidogo kwa vidole vya pande mbili isikilize, ikikwaruza, imeshaungua ndani. Fundi mwenye mita apime kwenye tominali, ya omu 8 itasoma 6 hivi, ikisoma kama haina mwisho kuna waya umekatika. Twita iliyobonyea, hiyo ni kazi ya watoto dunia nzima, hata Uingereza wana watoto. Amplifaya ya mtumba kutoka Japani geuza usome nyuma: wenzetu wanatumia volti 100, sisi 230, ukichomeka moja kwa moja unapata moshi tu. Inataka transfoma ya kushusha, na iwe yenye uwezo kuliko inavyokula amplifaya. Na huku kwetu kwenye radi, wingu likianza kunguruma chomoa plagi ukutani, kuzima kwa swichi hakutoshi.

Haya maswali.

Mzee wa pale nyuma ameuliza kama waya wa spika wa laki tatu una tofauti. Shikamoo mzee. Kwa mita tatu nne nunua waya wa kopa halisi wa milimita mraba 2.5, ule wa kufungia soketi za nyumba, ila uchukue ule wa nyuzi nyingi unaokunjika, na uangalie alama ya jumlisha na ya kutoa zisipishane kati ya kulia na kushoto, ukizipishanisha besi inayeyuka. Hiyo laki tatu nunulia zulia.

Dada ameuliza kama anaweza kuacha amplifaya akanunua zile zenye amplifaya ndani na Bluetooth. Unaweza dada yangu, na nyingi ni nzuri kweli, nyumba inakuwa safi haina nyaya. Hofu yangu ni moja, saketi ya ndani ikifa, fundi wetu hana kadi yake, na spika isiyo na amplifaya ndani iliyotengenezwa 1980 mpaka leo inapiga. Kama utanunua, hakikisha imeandikwa inakubali volti 220 mpaka 240 na uiweke kwenye stabilaiza, na ujue nani ataitengeneza kabla hujalipa.

Na wewe kijana umeuliza Tukuyu afanyeje mvua ikianza kupiga bati. Hakuna spika itakayoshinda mvua ya Tukuyu. Zima, chomoa, subiri ipite.

La mwisho, sabufa. Anauliza kama akinunua hizi ndogo aongeze sabufa. Ongeza, ila kaa nazo miezi kadhaa bila kwanza, uzisogeze sogeze, maana wengi besi wanayoitafuta iko umbali wa sentimita ishirini kutoka pale walipoziweka. Ukiona bado, tafuta sabufa iliyofungwa isiyo na tundu, iwekee mpaka ipige chini ya hezi 70 au 80 tu, sauti yake uishushe mpaka usijue ipo, alafu izime. Ukishtuka kwamba kuna kitu kimeondoka hapo umeipata. Kama bado unaisikia imekaa pale kwenye kona inanguruma yenyewe, shusha tena. Na jirani wa chumba cha pili naye ana sikio, mkumbuke.